Kwa Nini Mama Hataki Kurudi Louisville

Kwako kaka yangu mkubwa, yaya Mushagalusa,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana aliyetufikisha mwezi huu wa Oktoba tukiwa hai. Wewe na wifi Adolphine mko salama huko Newburg, Louisville? Watoto wanaendeleaje na shule? Na ghalani, wamekubali kukubadilishia zamu? Sisi huku hatujambo. Binti yangu Bonheur ana mafua kidogo lakini anakula. Mama ni mzima, na yeye hasa ndiye sababu ya barua hii.

Najua umeninunia. Mara ya mwisho tulipoongea ulisema nimemng'ang'ania Mama ili nipate wa kukaa na mtoto ninapokwenda kuwahudumia wazee wa watu. Ulisema sasa una nyumba yenye kiyoyozi kila chumba, kwa hiyo joto lililomwangusha akiwa kwako hadi akalazwa hospitali halitamsumbua tena, na kanisa la watu wetu liko karibu. Ukaongeza kwamba Buffalo, penye theluji ya kufika kiunoni, si mahali pa kumweka mama wa umri wake. Nilikata simu kwa hasira. Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua kwa nini anakataa kurudi kwako. Sasa najua, na Mama amesema mambo haya si ya simu. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka tulihama North Buffalo tukaja huku pembeni, kwenye mji huu mdogo wa kando ya Ziwa Erie, kwa sababu ya kazi yangu. Nyumba tuliyopanga iko mtaa wa pili kutoka ufukweni. Majira ya baridi yaliyopita upepo ulirusha mawimbi juu ya nyumba za mstari wa mbele, maji yakaganda hukohuko ukutani, hadi nyumba zikawa kama zimemwagiwa nta. Jirani yetu Mariya, aliyezaliwa hapahapa, alinieleza kwamba zamani ziwa liliganda mapema, na barafu yenyewe ikalinda ufuko. Siku hizi maji yanabaki wazi hadi katikati ya Januari, na kila mwaka yanamega kipande cha bustani yake. Watoto wake wanamwambia auze ahame. Yeye anawaambia wamuache kidogo kwanza.

Lakini theluji ikiisha, yaya, watu haohao wanatoa baiskeli, mitumbwi ya plastiki na viti vya kukunja, na ile njia ya kutembelea kando ya maji inajaa. Wanakusalimu kabla ya kukuuliza umetoka wapi. Siyo peponi. Kuna siku za Juni moshi wa misitu inayoungua Kanada unatufungia ndani, na mvua kubwa ikinyesha tunakatazwa kuogelea kwa sababu ya uchafu. Hata hivyo nimepapenda.

Mama peke yake ndiye ambaye hakupita kwenye njia hiyo. Tukienda bustanini, alikaa akilipa ziwa kisogo. Nilidhani ni kwa ajili ya Baba. Mimi na wewe tumekua tukijua kwamba Baba alizama Ziwa Kivu akitoka kisiwa cha Idjwi, na kwamba Mama alipata habari akiwa nyumbani Bukavu. Hatukuuliza zaidi.

Jumamosi moja ya Septemba joto lilikuwa bado kama la Julai. Vijana wanaolinda waogeleaji walikuwa wamesharudi chuoni, maana msimu wao unaisha hata kama kiangazi hakijaisha. Bonheur alikuwa ndani ya boya lake la kupuliza, maji yakimfika magotini tu alipolipanda. Nilimgeukia Mama nimpe soda. Nilipotazama tena, upepo unaotoka nchi kavu ulikuwa umemsukuma mbali, naye ananiita kwa Kiingereza. Niliingia hadi kifuani nikashindwa kuendelea. Unajua mimi sijui kuogelea. Nilipiga kelele, na Mariya akakimbilia mtumbwi wake.

Mama alinipita. Alikuwa amevua viatu na kitenge. Aliingia majini bila kurusha hata tone, akaogelea kama mtu anayerudi kwao, mkono baada ya mkono, bila haraka. Mariya alipofika na mtumbwi, Mama alishakamata boya na alikuwa analisukuma kuja kwetu, anamwimbia mtoto kwa Kishi, lugha yetu.

Kesho yake, baada ya ibada, tulikuwa tunachambua majani ya muhogo ya sombe jikoni, nikamuuliza alijifunza wapi. Alisema wao Idjwi watoto wote waliogelea. Kisha akaendelea bila mimi kumuuliza.

Yaya, hapa kaa chini. Siku ile Mama hakuwa nyumbani. Alikuwa kwenye ule mtumbwi pamoja na Baba. Wewe ulikuwa na miaka miwili, umefungwa mgongoni mwa Mama, na mimi nilikuwa tumboni. Mtumbwi ulipopinduka, Baba, ambaye hakujua kuogelea, alimshika kitenge. Naandika alivyoniambia mwenyewe: «Tulianza kuzama sisi wote. Wewe hukukuwa unajulikana bado, lakini mi nilijua. Donc, basi, nilitoa mukono yake. Kidole kimoja, kimoja. Aliniangalia tu.»

Alipofika kwenye mawe ya ufukoni aligeuka, hakumwona Baba.

Anasema mikono yako ni ya Baba, vidole vilevile. Kule hospitalini Louisville ulikaa umemshika mkono usiku mzima, na asubuhi wewe ulipomwachia ili uende kazini, aliamua kuondoka. Si joto lililomleta kwangu, na si mimi ninayemzuia. Aliogopa kwamba siku moja atakuambia, na wewe utamtazama kama alivyotazamwa na Baba.

Nimelia sana, lakini siwezi kumlaumu, kwa maana kama asingefanya vile, wewe na mimi tusingekuwepo wa kugombana kwenye simu. Nawe ukasirike kama unahitaji kukasirika. Sitakuambia ujisikie vipi.

Tangu siku ile, kila asubuhi yenye jua aliteremka ziwani na Bonheur, akamfundisha kuelea kwa mgongo, hadi baridi ilipowafukuza wiki iliyopita. Amekubali kuja nami kwenye mkutano wa kanisa Columbus mwezi ujao, kwa kuwa ni katikati ya kwako na kwangu. Kama utakuja, anataka kukaa nawe peke yenu. Kama hutaweza, amesema ataelewa.

Wasalimie wifi na watoto, na wachungaji wote wa huko. Mariya naye anawasalimu, ingawa hamjaonana. Bwana aulinde moyo wako unaposoma haya.

Mama yuko hapa pembeni yangu. Nilimuuliza niandike nini kwa jina lake. Akasema: «Umuandikie tu, siku alizaliwa nilifurahi.»

Mdogo wako akupendaye,
Clémence