Majina Thelathini Kutoka Kwenye Miwa

Bwera, 3 Februari 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama amepona kikohozi. Mgongo wako je?

Kituo chetu cha redio kimefungwa. Niliwapa wapagazi wa Mpondwe nafasi hewani waeleze wanavyopigwa na walinzi wa mpakani. Kesho yake simu ikapigwa kutoka Kampala, mtambo ukabebwa. Hakuna aliyetusikiliza. Wiki hii Mzee Erifazi amezikwa Nyakalengija na nusu ya ukoo wake haikujua, maana matangazo ya msiba hayapo tena.

Mimi na Alisi, fundi wetu wa mitambo, tunaandika ombi kwa Bunge. Tunataka wasimamizi wa redio wasichaguliwe na waziri peke yake, na kituo kisifungwe kabla ya kusikilizwa. Nitafutie sahihi za watu wa kwetu walioko huko. Karatasi mpe kondakta wa basi aniletee, simu yangu siiamini tena.

Binti yako,
Mbambu

Jinja, 19 Februari 2025

Mwanangu,

Nashukuru kwa salamu. Mgongo ni uleule, lakini kula nakula.

Nikuambie ukweli, nilikasirika. Nimekata miwa miaka yote hii usome, na wewe unagombana na wakubwa. Hata hivyo niliwasomea wenzangu barua yako. Nobert, aliyewahi kuwa mpagazi Mpondwe, akasema, "Nilipigwa pale miaka mitatu. Hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Huyo binti yako ameuliza. Niandike."

Karatasi ndiyo hii, watu thelathini. Mikono yao imechanwa na majani ya miwa, kwa hiyo niliwaandikia mimi, kila mmoja akiwa amesimama mbele yangu.

Baba yako

Bwera, 28 Machi 2025

Baba,

Sisi tupo, na mama hajambo. Hajui kwamba nakuandikia haya.

Karatasi yako imeniponza. Uliandika kama tunavyoitana nyumbani: Thembo tisa, Mbusa wanane, Kule saba, Baluku sita, bila jina la pili, na mwandiko mmoja. Polisi walichukua nakala ya ombi. Afande wa upelelezi hatoki kwetu. Nilimweleza kwamba kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kila kijiji kimejaa akina Thembo. Akacheka. "Huyu Thembo ana mikono mingapi?"

Anasema nimeghushi, na kwamba ombi lote la watu elfu mbili ni uongo. Jumatatu tarehe 14 Aprili nimpeleke aliyeandika, la sivyo nishtakiwe mimi. Nimesema simjui.

Usije. Nyapara atakufukuza.

Mbambu

Kikorongo, 13 Aprili 2025

Mbambu mwanangu,

Msalimie mama yako. Mwambie niko salama, niko karibu.

Barua yako ilizunguka na kondakta zaidi ya wiki, nami nikadhani ukimya wako ni kazi nyingi. Kosa ni langu. Shambani nyapara anatuita kwa namba. Nilipoandika majina ya kwetu niliona raha, sikufikiri mgeni atayasomaje.

Niliwaomba wote thelathini waje. Wengi walikataa, wana watoto, siwalaumu. Tumetoka watatu, mimi, Nobert niliyemwandika Thembo, na Kule mmoja wa Kasese. Nafasi zetu kwenye miwa zimeshachukuliwa na wengine.

Sasa basi limekufa hapa Kikorongo. Fundi anasema labda kesho mchana. Barua hii nampa dereva wa lori anayekwenda Mpondwe, hana nafasi ya abiria lakini ataishusha Bwera leo.

Kesho usiseme tena kwamba hunijui. Mwambie afande mwandiko ni wa baba yako na yuko njiani. Akitaka kunifunga kwa kuwaandikia wengine, anifunge, maana ndivyo nilivyofanya. Karatasi yangu itoeni kwenye ombi. Wale wengine wote wa elfu mbili walisaini kwa mikono yao. Alisi apande basi la alfajiri na karatasi zao, azifikishe Bungeni. Msinisubiri.

Baba yako