Hedley Hawezi Kunyamazia Kosa

St Just, Jumapili

Shemeji Digory,

Salamu zikufikie huko Australia. Sisi tunasukuma siku. Mvua haitaki kwisha, na paka kanilia nusu ya pasti ya nyama niliyoiacha dirishani ipoe.

Kaka yako Hedley alipata kiharusi mwezi wa pili. Sikukuambia kwa sababu hamjasemezana tangu siku ile kule baa, alipokusahihisha Kikornwall chako, lugha ya mababu zenu, mbele ya watu, ukaondoka bila kumaliza bia. Wiki sita mume wangu hakutamka neno. Daktari akaniambia nizoee.

Jumanne nikawa namsomea zoezi langu la darasa la Kikornwall. Sheria unaijua: kuimba ni *kana*, lakini ukisema "naimba", ile k hulainika ikawa g: *my a gan*. Mimi, kwa haraka zangu, nikasoma, "*My a kan*."

"*Gan*!"

Nikageuka. Hedley alikuwa kitini, uso umemwiva kwa hasira.

"*Gan*, wewe! *Gan*!"

Nililia, nikacheka, nikalia tena. Tangu hapo nakosea makusudi, na kila kosa linamtoa neno jipya. Jana kaniita mpumbavu, neno zima, bila kukwama.

Ila makosa yangu yananiishia, shemeji, na wewe Mungu alikujalia mengi. Mpigie simu. Zungumza naye Kikornwall chako kilekile cha siku ile, na nakusihi, usifungue kitabu kwanza.

Shemeji yako mpumbavu,
Loveday