Ufunguo Ndani ya Pindo

Tarehe 9 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Bibi amenikataza.

Sisi ni wazima, na paka amezaa. Lakini Bibi hakupanda ndege. Hakuugua, Mama, ni ile foleni ya ukaguzi pale uwanja wa ndege. Alisimama mpaka miguu ikavimba, na hakuna aliyempa kiti. Mimi nilizuiwa mlangoni, nikabaki nikitazama kupitia kioo. Kila Bibi alipopita, mashine ililia. Wakamvua viatu na bangili, kisha mkaguzi akafoka mbele za watu, "Bibi, umeficha nini? Unatuchelewesha!" Abiria mmoja akacheka, "Labda kameza kengele."

Unajua tabia yake: akisafiri hushona ufunguo wa nyumba ndani ya pindo la gauni, usipotee. Safari hii alisahau kwamba umo. Niligonga kioo nikipiga kelele, "Pindo, Bibi!" Mlinzi akanifukuza. Alipokumbuka, ndege ilikuwa imeondoka.

Nyumbani akasema, "Mimi si mwizi. Sirudi pale." Nikamjibu taratibu kwamba mgonjwa hauguzwi kwa hasira. Leo asubuhi nimemkuta akifumua pindo. Akanikabidhi ufunguo, niutunze mpaka atakaporudi kutoka kwako.

Mama, upasuaji wako ni tarehe 24, na huko huna ndugu. Nafasi ya kwanza iliyopatikana kwenye ndege ni ya tarehe 27.

Ni mimi mwanao, ninayesubiri jibu lako upesi: je, daktari atakubali kumngoja Bibi?