Namba ya Vitshumbi

Jumatatu, 2 Machi

Somo saa mbili. Profesa akafika saa nne. "Umbali wa kikazi": mufanyakazi wa jamii si ndugu, si rafiki, si padri. Niliandika, nikapiga mustari chini. Kisha nyumbani Ndosho kwa miguu, maharage ya juzi. Tangu binamu yangu Solange aende Kampala, chumba hiki kimekuwa kikubwa. Naongea na sufuria. Leo niliiomba msamaha kwa kuiunguza.

Baba alipiga toka Butembo. "Kusikiliza watu, hiyo nayo ni ya kusomea miaka mitatu?" Yeye ni mufanyabiashara, kisichopimwa kwa kilo hakielewi. Nikasema niko muzuri. Sina hata rafiki mumoja katika muji huu wa Goma, lakini niko muzuri.

Jumatano, 4 Machi

Staji, mazoezi ya kazi, imeanza. Kituo kiko Keshero, karibu na ziwa. Anayenisimamia ni Mama Espe, mutu wa Masisi, sauti ndogo, hasemi jambo mara mbili. "Uende, uone, uandike, uondoke. Usiahidi. Usikule kwa mutu."

Amenipa dosye moja. Bibi mumoja wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, wote wanamuita Koko. Kambi ya wakimbizi ilipovunjwa, watu walirudi kwao. Yeye akabaki na muguu wake mubaya, hakuna aliyekuja kumuchukua. Katekista amemupa chumba nyuma ya nyumba yake. Kazi yangu: kumutembelea mara moja kwa juma, kujaza fishi, karatasi ya maswali, kutafuta ndugu. Ndugu wasipopatikana, komisheni itamupeleka kwenye nyumba ya wazee, Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Huko hamujui mutu.

Ijumaa, 6 Machi

Koko ni mudogo kuliko nilivyofikiri, na mukali. Nilipotaja jina langu akapiga makofi. Binti yake wa kwanza naye ni Masika. Kwetu Wanande kila binti wa kwanza ni Masika, si muujiza. Lakini niliutaka uwe muujiza.

Akaleta sahani. Bugali, maharage, kipande cha samaki wa chumvi. Nikasema nimeshiba. Akaniangalia tu. Kwetu kukataa sahani ya muzee ni kumuambia unaogopa mukono wake, kwamba ni mulozi. Ningefanya nini? Nilikula yote, nikaramba vidole.

Fishi inauliza: "Umekula kwa muhusika?" Nikaandika: Hapana. Fishi ya kwanza, uongo wa kwanza. Hongera, Masika.

Jumanne, 10 Machi

Nimeenda kwake tena. Na jana pia. Haimo katika fishi.

"Nani alikufundisha kukata kitunguu hivi? Muzungu?" Ananigombeza kutwa nzima na ninafurahi kama mutoto. Anasimulia Vitshumbi: viboko wanavyopita kati ya nyumba saa ya jioni, nawe unangoja wamalize kupita kwa sababu njia ni yao. Swali lake ni moja tu. "Masika wangu yuko muzima?" Vita iliwatenganisha njiani, akili yake haijatoka pale.

Wakati wa kurudi nilipitia soko la Ndosho. Mama Kavira, yule anayeuza makayabo, samaki wa chumvi wa Vitshumbi, alinisikiliza mupaka mwisho. "Vitshumbi si Kinshasa, mama, watu wanajuana. Nitauliza."

Jumamosi, 14 Machi

Amepatikana. Masika wa Koko yuko muzima, anakausha samaki palepale kwao. Mama Kavira amenipa namba yake kwenye kikaratasi kilicholowa chumvi. Alicheka, akanikumbatia, akaniongezea samaki mumoja bure.

Ningekimbia kwa Koko. Sikukimbia. Nilikunja kikaratasi, nikakiweka ndani ya daftari hili. Nilijiambia leo ni Jumamosi, kituo kimefungwa. Telefone yangu ilikuwa mukononi.

Jumatatu, 16 Machi

Fishi: "Ndugu wanaojulikana." Niliandika: Bado natafuta. Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo limenitisha.

Muchana Koko alinisuka. Nilikaa chini, kichwa kati ya magoti yake. Tangu Solange aende, hakuna aliyenigusa kichwa. Nililia kidogo. Akafikiri anavuta sana, akalegeza.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Kwa Koko tangu asubuhi. Aliuliza tena.

Nikasema rezo ya kule ni mubaya, simu hazipiti.

Nina haya.

Jumanne, 24 Machi

Mama Espe ameniita. Komisheni inakaa Ijumaa. Majuma matatu, hakuna ndugu. Koko atapandishwa boti juma lijalo. "Umetafuta kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ni hivyo. Pole yake."

Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya tanki la maji. Si vita, si muguu wake. Miye ndiye ninayemupeleka Bukavu. Kwa sababu ya sahani ya maharage na mutu wa kunigombeza.

Wala singebaki naye! Hata hilo sikulifikiria. Mwizi mujinga.

Jumatano, 25 Machi

Nimepiga ile namba. Mara tatu haikupita, mara ya nne ikapita.

"Nani?"

"Masika, toka Goma."

"Masika ni miye. Wewe nani?"

Nikamueleza. Nilisikia kitu kinaanguka, beseni labda. "Mama?" alisema. "Mama yangu? Tulishakaa matanga yake." Akarudia. Walishakaa matanga, watu walishakula, padri alishasoma misa.

Hakuniuliza namba nimekuwa nayo tangu lini. Alinishukuru. Wasingya, wasingya, mara nyingi mupaka yuniti zikaisha. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 26 Machi

Asubuhi kwa Mama Espe. Nilisema yote nimesimama, haraka, nisije nikaacha kitu. Aliniacha nimalize.

"Ulikula kwake?"

"Nilikula."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Akafungua dosye, akachora mustari juu ya fishi zangu, moja moja, bila hasira. Staji haihesabiwi. Nitaanza upya mwezi wa tano, na fakulte itaandikiwa barua. Nilipofika mulangoni akasema, "Ungeniambia uko peke yako. Hilo si kosa. Ungeniambia tu." Kumbe mutu angeweza kusema tu.

Halafu kwa Koko. Hii ndiyo nilitaka kuikimbia. Nilimuambia kwanza kwamba Masika yuko muzima na anakuja. Akashika kifua, akacheka, akamuita muke wa katekista, akaomba Mungu kwa sauti. Nikangoja amalize. Nikamuambia na ile ya namba niliyoificha.

Alihesabu kwa vidole, polepole, tangu ile Jumamosi mupaka jana nilipopiga.

"Siku kumi na moja," alisema.

"Ndiyo, Koko."

Sufuria ilikuwa motoni. Maharage, nilisikia harufu yake. Alipakua ya kwake, akala. Hakuleta sahani ya pili. Nilikaa pale na mikono mitupu mupaka alipomaliza, kisha nikaaga.

Jumatatu, 30 Machi

Masika wa Vitshumbi amefika. Mama munene, mikono inanuka moshi wa samaki. Hakupita mulangoni, aliuvamia. Walilia kama watu waliopigwa. Muke wa katekista alilia, katekista alilia, miye nilisimama uani na gunia la nguo za Koko. Mama Espe alisainisha karatasi.

Nililibeba gunia mupaka kwenye gari. Koko aliketi karibu na dirisha, akatazama mbele. Nilisema, "Safari njema, Koko." Binti yake akaitika kwa wawili.

Ijumaa, 3 Aprili

Hakuna cha kuandika.

Jumanne, 7 Aprili

Barua ya fakulte imetoka. Onyo, na staji mupya. Nilimuambia Baba. Nilifikiri atapasuka. Akaniuliza, "Huyo bibi amefika kwao?" Nikasema amefika. "Basi." Kisha akasema nyumba yetu ya Butembo nayo iko kimya tangu niondoke. Hajawahi kuniambia hivyo.

Jumapili, 12 Aprili

Misa ya kwanza. Nilifua. Nilikata kitunguu vizuri, vipande vidogo, kisha nikakosa hamu ya kupika, nikakifunika na kisahani.

Saa saba telefone ikalia. Namba ya Vitshumbi, naijua kwa kichwa. Niliiacha ilie mara mbili kwa woga. Nikafikiri ni binti yake, amejua, sasa atanitukana. Haki yake.

Ilikuwa Koko. Anashika telefone mbali na kinywa, anapiga kelele ili nimusikie toka huko. Hakunisalimia. Hakusema amenisamehe, na sikuuliza.

"Umekula?"

Nikasema nimekula. Nilisikia watu, kuku, maji.

"Hapana, Koko," nikasema. "Bado sijakula."

"Washa moto. Nitapiga tena ukimaliza."

Nimeweka makaa kwenye babula, jiko langu. Yanashika.