Alama Tisini na Nane za Wakili

Mpendwa Shangazi Luming,

Naandika nikiwa nimefunga mlango wa ofisi na kumdanganya karani wangu kwamba niko na mteja, nawe naomba uniokoe kabla ya Alhamisi saa tatu asubuhi, maana nimejiingiza mahali ambapo hata mimi niliyesomea sheria sioni pa kutokea. Mimi ni wakili katika mji mdogo hapa Batangas, mwaka wa ishirini na sita kazini, na ninayemtetea ni kumare wangu Perla, kwa kuwa binti yake Marikit nilimsimamia mimi ubatizo, naye huniita kumpare, na Perla huyu ana kibanda cha tambi za lomi karibu na soko, na ndani ya kibanda ana mashine ya karaoke yenye nyimbo elfu nne, na katika hizo elfu nne, Shangazi, sidhani kama kuna hata moja yenye kibali. Sasa serikali imemfungulia kesi ya jinai ya hakimiliki. Ni Jamhuri nzima ya Ufilipino dhidi ya Perla na mashine yake, na akishindwa anaweza kwenda jela.

Hadi hapo mimi ni mtu mwema. Shida ni kwamba kampuni ya nyimbo iliyopeleka malalamiko serikalini ni mteja wangu pia, mwaka wa saba huu, na ile barua ya kuonya vibanda vyote vya mkoa viache kupiga nyimbo bila kibali niliiandika mimi, na ni barua nzuri hata nikijisifu mwenyewe, na Perla alipopata nakala yake akaibandika nyuma ya mashine kuziba tundu la mende, na polisi walipokuja wakaikuta papo hapo na sahihi yangu chini. Nilijiambia kwamba kampuni naiandikia tu na Perla namsemea tu, na mkono na mdomo ni viungo viwili tofauti, na usinicheke, maana hoja hiyo nimeshaitoa kwa sauti mbele ya hakimu.

Mwendesha mashtaka, Bi Amparo Katigbak, ameiomba mahakama iniondoe, na uamuzi ni Alhamisi. Nikaenda kumweleza Perla. Alikuwa anakoroga sufuria, hata hakugeuka.

"Kumpare, ile kalamu uliyokuwa unaandikia juzi mahakamani ni ya nani?"

"Kalamu tu, Mare."

"Ina jina la kampuni ubavuni. Unadhani mimi sijui kusoma?"

"Walinipa zawadi ya Krismasi."

"Ukila lomi hapa, wewe ni wangu. Ukiandika barua, ni wao. Haya niambie, Alhamisi utakuwa wa nani?"

Nikasema wake, nikagida kahawa kwa haraka, ikaniunguza ulimi.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Ushahidi mkubwa wa serikali ni video, mpelelezi alijifanya mteja akamrekodi mtu mmoja akiimba kwa Perla, na mtu huyo ni mimi, ila Bi Katigbak hajanitambua kwa sababu nilikuwa nimeipa kamera kisogo. Lakini Shangazi, wameikata video kabla ya kutokea alama ambazo mashine humpa mwimbaji, na nilipata tisini na nane kwa mia! Nimeandaa swali moja tu la kumbana nalo mpelelezi: "Shahidi, iambie mahakama, namba iliyotokea kwenye skrini ilikuwa ngapi?" Nikijitoa, swali hilo hataliuliza mtu yeyote duniani. Na tena, ni haki kweli serikali imshtaki mtu halafu imchagulie na wakili? Nishauri, silali.

Wako,
Mwimbaji Mwenye Leseni ya Uwakili

*

Wewe Mwimbaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimeshika kichwa.

Nianze na pale ulipo na haki, hapachukui nafasi kubwa. Ni kweli, serikali haina haki ya kumpangia mshtakiwa nani amtetee, na mwendesha mashtaka akifurahi kumwona Perla amesimama peke yake, huo ni ubaya. Mtu anayeshtakiwa na nchi nzima anahitaji angalau mtu mmoja aliye wake. Mmoja mzima, bwana. Wewe ni nusu yake, na nusu hiyo yenyewe iko kwenye video!

Hebu tulitazame swali lako la ajabu. Utauliza, mpelelezi atajibu tisini na nane, na hakimu ataandika kwamba mashine ilikuwa inafanya kazi na wimbo ulipigwa hadi mwisho. Utakuwa umemmalizia Bi Katigbak kazi bila yeye kuinuka kwenye kiti. Kumare wako ataingia jela kwa sababu wewe ulitaka kupigiwa makofi. Huoni haya? Mwanamke amekulisha miaka yote hiyo!

Leo hii, kabla hujala, nenda kwa Perla umwambie yote, kampuni, barua na kisogo chako. Kisha uyaandike, umpe yeye na umpe hakimu. Kampuni nayo iambie huiwakilishi tena katika jambo hili, na aliyokuambia Perla jikoni yasikutoke mbele yao hata kwa kukohoa. Ila usijitoe ukamwacha mama wa watu mikono mitupu. Nimeshapiga simu mahali kwa ajili yako: Wakili Rowena Umali wa mji wa pili yuko tayari, hana mteja mwenye wimbo hata mmoja, na karaoke anaichukia tangu shule. Alhamisi simama, omba kesi iahirishwe apate kusoma jalada, mkabidhi, halafu keti nyuma na wananchi wengine.

Na kabla hujanishukuru, nami nina la kutangaza. Mimi ni mteja wa Perla kila Jumapili, sitaki afungwe, kwa hiyo ushauri huu una upande. Tena kwenye mashine ile ile nimewahi kuimba nikiwa na nyama mdomoni, nikapata tisini na nane. Padre wetu naye alipata tisini na nane, na padre, Mungu anisamehe, huimba kama mlango usiotiwa mafuta. Perla mwenyewe aliitengeneza impe hivyo kila anayefika mwisho, ili watu waagize bakuli la pili.

Umeona? Nimetangaza, na bado napumua. Haya inuka uende kwa kumare wako, na ile kalamu uiache mezani.

Shangazi Luming