Samaki Sita Waliohama Gare

Kwai,
Lushoto.
20 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Anord,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua unaisoma hii ukiwa umesimama, kiroba cha maharage kiko miguuni pako, na adabu utaikumbuka ukifika mwisho. Hujambo? Elizabeti hajambo? Na Jonas, lile jino la mbele limeshaota? Huko Sumbawanga kuna baridi kweli au mnatuiga tu sisi watu wa Lushoto? Shangazi yako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kustaafu kabla yangu.

Baada ya salamu, kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, natangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 15 Juni, samaki sita, wenyeji wa Gare, walihamia rasmi Kwai katika nyumba mpya ya mwalimu wa darasa la pili. Hapakuwa na hotuba. Mgeni rasmi alikuwa mimi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kila Jumapili baada ya ibada unapiga, na swali la kwanza ni "Shangazi, samaki hawajambo?" Mimi huulizwa baadaye. Sioni wivu, au naona kidogo tu. Lakini habari ya kuhama haienei kwenye simu, hasa Jonas akishakunyang'anya na kutaka nimsogezee simu samaki awasalimie.

Wiki nzima nilijiandaa kama ulivyoniagiza. Ulisema nisibadilishe maji, nibebe yale yale ya zamani. Mawe nisiyaoshe. Na ile sponji ya pampu isiguse sabuni hata kidogo, kwa sababu ndani yake vinaishi vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki, na bila hivyo samaki wanakufa kwa mkojo wao wenyewe. Niliyaandika yote nyuma ya andalio la somo, nikalikunja, nikatia mfukoni. Maji nikayachota ndoo nne zenye mifuniko, ya kijani, na harufu yake unaijua. Tangi la kioo nikalifunga kwa blanketi lako la bweni. Samaki wenyewe nikawatia kwenye ndoo ndogo, nikaipakata kiti cha mbele.

Abubakari, yule wa kenta aliyetubebea matofali, alifunua ndoo moja akarudi nyuma.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Maji."

"Unatoa maji Gare unapeleka Kwai? Kwai wameishiwa?"

"Ya samaki, Abubakari. Wameyazoea."

"Haya hata ng'ombe wangu anayakataa!" Akacheka mpaka akashika mlango. Lakini aliendesha taratibu kama aliyebeba bibi harusi, na kila kona alipiga honi akiwatangazia watu wa barabarani, "Pisheni, nimebeba wakubwa!" Tulifika na samaki sita, wote wazima. Hilo naliapa.

Nyumba imekamilika, ile ile ya kiwanja cha babu yako. Vyumba ni vitatu, kimoja chako, nimeshakitandika. Kule nyumba za shule, ukuta wa kwangu ulikuwa ndio ukuta wa Efrazia, na alikuwa akikohoa alfajiri najua saa kumi na moja imefika. Hapa jirani zangu ni kabichi. Ni majirani wema, hawakopi chumvi. Juzi nilirudi kutoka shule nikabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe, kwa mazoea, halafu nikasimama kungoja. Usimwambie mtu.

Wanawake wa jumuiya walikuja siku ile ile ya kuhamia. Unajua desturi yao: nyumba haihesabiwi kuwa nyumba mpaka wameiosha, wameiombea na wamepika ndani yake. Walikuja kumi na wawili, na fagio, na mabeseni, wakiimba kwa Kishambaa tangu njia panda, na Mama Clemence mbele yao kama mkuu wa shule. Wakasugua hadi madirisha ambayo hayajawahi kuchafuka.

Basi, mwanangu, nisikuchoshe. Efrazia anakusalimu. Baba yako mdogo Zabron anakusalimu na anauliza lini utamletea mjukuu wake amwone. Msalimie Elizabeti, mwambie maharage ayaloweke kwanza, haya ya milimani ni magumu. Mbusu Jonas. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, na kazi ya mikono yenu aibariki.

Hapa ndipo nilipopanga kutia sahihi. Nimekwenda kuongeza kuni jikoni, nimerudi, kalamu bado inanitazama.

Anord, samaki hawapo. Wa kwanza alikufa Jumatatu, wa mwisho Alhamisi ya wiki ile ile. Jumapili nne nimekuambia wanakula vizuri. Ile picha niliyomtumia Jonas ni ya Pasaka. Nilisema uongo kwa sababu hukuwahi kunipigia simu bila kuanzia kwa samaki, na sikujua wasipokuwepo utaanzia wapi, au kama utaanza. Jonas mwambie wewe, utakavyoona inafaa.

Na usidhani sikuyafuata maagizo kwa kusahau. Mama Clemence alifunua ndoo akapiga kelele, "Yesu wangu! Mwalimu, utaingia nyumba mpya na tope hili?" Akaimwaga kwenye kabichi, na ya pili, na ya tatu, na ya nne. Wenzake wawili walikuwa wameshayatia mawe kwenye beseni la sabuni ya unga, wanayasugua kwa brashi. Mmoja aliikamua sponji mpaka ikawa nyeupe, akanionyesha, "Ona uchafu uliokuwa unafuga!" Kisha wakajaza tangi maji ya bomba la mlimani, safi, ya baridi ya kuuma meno.

Mimi nilikuwa pale pale. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, andalio liko mfukoni. Neno moja lingetosha. Lakini walikuwa wanacheka, mikono imelowa hadi viwikoni, na Mama Clemence alikuwa ametoka kuniambia, "Sasa wewe ni wetu." Nikaona nikisema acheni, mnaniulia samaki, watanyamaza, watakuwa wageni, watakunywa chai kwa adabu na kuondoka mapema. Nilitaka wabaki hadi jioni. Kwa hiyo nikasema, "Asanteni mama zangu, limependeza," nikaweka kikombe chini, nikachukua ile ndoo ndogo, na samaki nikawamimina kwenye maji yale kwa mikono yangu mwenyewe.

Shangazi yako anayekupenda, na anayekuomba radhi,

Secilia