Mkono wa Bi Inokuma

Sanjo,
Desemba, theluji ya kwanza

Dada yangu Kiyono,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya neno lolote naomba radhi. Barua zako mbili zimelala mezani tangu majira ya mvua bila jibu, na wale samaki wakavu ulionitumia kutoka Otaru nimewala wote bila hata kusema ahsante. Hatukulelewa hivyo. Sikuwa mgonjwa, wala kazi haikunizidi. Ningekuwa na kisingizio ningekitumia. Natumaini goti lako limepata nafuu na mkweo bado anakuachia uoge wa kwanza maji yakiwa ya moto. Mimi ni mzima. Meno yamepungua, lakini mkono unaoshika nyundo haujaanza kutetemeka.

Kazi ni ileile ya baba: kufua mikasi na makoleo ya kupogolea bonsai, miti ile midogo ya vyunguni. Namna ya kuuza ndiyo iliyobadilika, kama ulivyokwisha kusikia. Baba alifunga dazeni kwa dazeni akawapa wafanyabiashara wa jumla, asijue mkasi wake umefika kwa nani. Mimi, tangu mke wangu Toshi alipofariki, siuzi dukani na situmi kwa posta. Anayetaka mkasi wangu hununua kwangu, mlangoni pangu, na huja mara mbili: kwanza kupimwa mkono, kisha kuchukua chombo chake.

Mteja huketi katika chumba cha mbele. Namwekea chai na figili za kuchachusha, nalaza mkono wake juu ya kitambaa cheupe, kisha napima kila kidole kwa rula ya mwanzi. Nakifungua kiganja, nakikunja, nataja vipimo kwa sauti. Siandiki kitu. Jarida moja la wapenzi wa bonsai liliwahi kunisifu kwamba nina kumbukumbu ya ajabu. Wateja huja kutoka mbali, na sina upole nao. Bwana mmoja wa Nagoya nilimrudisha kwao mikono mitupu kwa sababu alitazama saa nikiwa bado kwenye kidole cha tatu.

Jirani yangu Honma, yule mtengeneza tupa, ambaye huingia bila kubisha hodi na kumaliza figili zangu, hajaacha kunicheka. Siku aliyonikuta nikimpima mkono mteja aliyeagiza kibanio tu, kile cha kung'olea majani makavu ya msonobari, alingoja mtu huyo aondoke akaniambia, "Hata kibanio, mzee? Basi kesho utawapima wanunuzi wa ufagio." Nilimjibu kwamba anayetengeneza tupa hawezi kujua mambo ya kiganja.

Mteja huyo wa kibanio ni mwanamke, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Anaitwa Bi Inokuma, mjane wa Takasaki, aliyekuwa akifundisha watoto hesabu. Mumewe alimwachia misonobari ya vyunguni ambayo hakuwa amewahi kuigusa, na alipoagiza mkasi wa kwanza hakujua hata tawi gani hukatwa na lipi huachwa. Tangu hapo amekuja kila mwaka, kupimwa majira ya kuchipua na kuchukua chombo vuli. Mwaka mmoja aliagiza mkasi wa matawi, mwaka mwingine koleo la kukatia vifundo, mwingine kikata waya, na kila chombo kwa utaratibu uleule, mkono juu ya kitambaa. Mara moja aliniletea mkasi uliopata kutu kwa kuoshwa na maji badala ya kupanguswa kwa mafuta, nami nikamkaripia kama nilivyozoea. Aliinamisha kichwa mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Endelea, fundi. Kwangu mimi hakuna hata wa kunigombeza." Nikamimina chai.

Vuli hii alikuwa na mkasi mdogo wa machipukizi wa kuchukua, aliopimiwa majira ya kuchipua. Ulikuwa tayari kabla matunda ya mpersimoni hayajaiva. Nilifagia, nikaweka mkaa chumba cha mbele, nikangoja. Siku iliyofuata nikafanya vilevile. Honma alipita akasema, "Umefagia mpaka barabarani. Anakuja waziri?" Nilimwambia kuna vumbi. Matunda yakaiva, yakaanguka, kunguru wakayala, na chumba kile nilikipasha moto kila asubuhi kwa ajili ya mtu ambaye hakuja. Wengine walikuja, dada, sitasema uongo. Niliwapima wote, na sikumbuki uso wa hata mmoja.

Juzi simu ililia. Bi Inokuma alianguka bustanini akiwa amebeba chungu, akavunjika nyonga; alilazwa hospitali wiki nyingi, na sasa yuko nyumbani anatembea kwa fimbo. Binti yake wa Osaka atakuja kumchukua kabla ya mwaka kwisha akaishi nao kwenye fleti, ghorofa ya juu, pasipo na uwanja. Misonobari itauzwa. Hata hivyo aliuomba mkasi wake, akauliza kama naweza, kwa mara hii moja, kuutuma kwa posta.

Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Ndivyo nilivyomjibu mwanamke aliyevunjika nyonga, kwa sauti yangu ya siku zote. Kisha akasema taratibu, kama anayemsahihishia mtoto hesabu, "Fundi Tsurumaki, mikasi yako yote ni mmoja. Katika chama chetu yupo bwana mwenye viganja kama sepetu, na wewe ulimpima. Niliulaza mkasi wangu juu ya wake mwaka wa pili tu. Haukuzidi, haukupungua."

Dada, ni kweli. Hili sijamwambia mtu, nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyebaki wa kuambiwa. Sina ila kielelezo kimoja, kile cha baba, na kila mkasi uliotoka katika tanuri hili umekifuata. Chuma ni kizuri, makali ni ya kweli, bei haikuzidishwa hata yeni moja kwa ajili ya kipimo. Lakini kipimo chenyewe si kitu. Toshi alipofariki, posta ilikuja ikachukua vifurushi, ikaondoka, na msimu mzima ukapita nisiwe nimetamka neno ila "pokea" na "ahsante". Ndipo nilipotangaza kwamba lazima nipime mkono. Nilitaka mtu aketi. Watu waliita hilo heshima ya kazi, nami nikawaacha waite hivyo.

Nilimuuliza, ikiwa alijua, kwa nini aliendelea kuja na kuutoa mkono. Akasema, "Na nani mwingine anayeushika? Daktari huushika akitafuta mshipa, akiupata anauachia."

Nimeupima mkono ule mwaka baada ya mwaka, na juzi nilipojaribu kuukumbuka niligundua kwamba sijui urefu wa kidole hata kimoja. Najua kwamba ni wa baridi anapofika na wa moto anapoondoka. Najua kidole cha mwisho kimepinda.

Kabla ya kukata simu alisema jambo moja zaidi. Alisema kwamba binti yake si mkaidi. Angemwacha abaki Takasaki kama pangekuwapo mtu wa kuinua vyungu. Kipo chumba upande wa kusini, mbele ya misonobari, hakilalwi na mtu. "Sisemi zaidi," akasema. "Mimi si msichana."

Miti yake haiwezi kuletwa huku. Imezoea jua la majira ya baridi la Takasaki, na theluji yetu ingeivunja matawi. Kwa hiyo aondoke huko yeye, au niondoke huku mimi. Tanuri hili liliwashwa na babu. Nina miaka sabini na minne, na nimelaza mkono wangu mwenyewe juu ya kitambaa kile nikautazama kwa muda mrefu. Honma, nilipomwambia nusu ya habari, alisema atalinunua fuawe, kisha akaona haya, akasema figili zangu zilikuwa na chumvi nyingi siku zote, akatoka.

Wasalimie mwanao na mkewe, na watoto wasiache kukusugua mgongo jioni. Usitoke nje barabara zikiwa na barafu. Jirani akanunue samaki.

Alhamisi nitapanda treni ya asubuhi kumpelekea mkasi wake. Shauri hilo nimekwisha kulikata. Kama nitarudi Sanjo kuwasha moto au la, bado. Binti anafika mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo nitakuwa nimeamua na nitakuandikia. Hutahitaji kuifungua barua hiyo ili ujue: geuza bahasha, usome nimeandika anwani yangu ni wapi.

Mdogo wako,
Hisanobu